Saba ya Nani?

Wiki hii nimepokea barua pepe tatu, zote zikiuliza kitu kimoja: ni seti ipi ya ayoni inayomfaa mchezaji hodari? Na zote zimeambatisha jedwali lile lile la majaribio yaliyofanywa Marekani, lenye wastani wa yadi, kasi ya mpira, na nyota za kujaza rangi. Mmoja wenu ameniandikia, "Wewe ni mtu wa data, hebu tuambie ipi imeshinda."

Iliyoshinda ni idara ya mauzo. Hilo ndilo jibu langu, na sababu zake nitazieleza. Wale mnaopita kibarazani hapa kusoma habari za seva na hifadhidata, nivumilieni leo. Mkifika katikati mtaona kwamba ni ugonjwa ule ule tunaougua kazini, ila umevaa viatu vya misumari.

Kwa asiyecheza gofu: ayoni ni zile fimbo za chuma zenye namba, tatu hadi tisa, na baada yake weji. Namba ikiwa ndogo, uso wa fimbo umesimama na mpira unakwenda mbali. Namba ikiwa kubwa, uso umelala, mpira unapaa na kutua karibu. Mlalo huo wa uso huitwa lofti, nao hupimwa kwa digrii. Shikeni neno hilo, kwa sababu utapeli wote umejificha humo.

Jedwali linasema seti fulani "imeipita" seti nyingine kwa yadi 14 kwenye ayoni namba saba. Mimi nauliza: saba ya nani?

Saba ya Titleist T100, ambayo ni ayoni ya wachezaji hodari, ina lofti ya digrii 34. Bledi ya kampuni hiyo hiyo, 620 MB, ina 35. TaylorMade P790 ya 2021 ina 30.5. Ping G430 ina 29. TaylorMade Stealth ya 2022 ina 28. Sasa rudini kwenye T100 muangalie tano yake: digrii 27. Yaani fimbo iliyoandikwa 7 kwenye seti moja imetofautiana kwa digrii moja tu na fimbo iliyoandikwa 5 kwenye seti nyingine. Halafu mtu anazipiga zote mbili "saba kwa saba", anashangaa moja imekwenda mbali, na anaandika makala. Ni sawa na kushindanisha matatu iliyo gia ya tano na iliyo gia ya tatu, kisha kumsifu aliyetengeneza injini.

Sisi watu wa kompyuta tunaijua hila hii. Mnakumbuka ununuzi wa diski? Kwenye boksi imeandikwa GB 500, ukiichomeka Windows inakwambia 465. Hakuna aliyeiba kitu. Mwenye kiwanda anahesabu gigabaiti kwa maelfu, Windows inahesabu kwa 1,024, na kila mmoja anaiita kwa jina lile lile. Tulipiga kelele miaka mingi. Lakini hata watengenezaji wa diski waliandika maelezo kwa herufi za sisimizi chini ya boksi. Kwenye ayoni, namba imechongwa kwenye chuma, na maana yake inabadilika kila toleo jipya linapotoka. Katika programu, mtu anayebadilisha thamani ya kitu bila kubadilisha jina lake anafukuzwa kazi, au angalau anafokewa mbele ya wenzake. Kwenye gofu anapandishwa cheo.

Na hila hiyo ina mkia. Ukishazisimamisha fimbo zote kwa digrii tano au sita, chini kunabaki pengo. Weji ya kwanza ya Ping G430 ina digrii 41, ilhali tisa ya T100 ina 42. Maana yake, mwenye G430 anahitaji weji nyingine ya kuziba nafasi ile, na kweli inauzwa, pembeni, kwa bei yake. Umenunua yadi kwenye saba, umezilipia tena kwenye weji.

Nitende haki kidogo. Wabunifu wana jibu, na si la kijinga. Wanasema wameshusha uzito wa fimbo chini na nyuma, hivyo mpira unaruka juu zaidi hata uso ukiwa umesimama. Wasingepunguza lofti, mpira ungepaa kama kishada. Ni kweli. Kazi ya kusambaza uzito pembezoni mwa fimbo ni uhandisi halali, na mwanzilishi wa Ping, Karsten Solheim, alikuwa mhandisi wa General Electric kabla ya kuacha ajira mwaka 1967. Ayoni za Ping Eye 2, zilizotoka mwaka 1982, ziliwafaidi watu wengi kuliko makala zote zilizowahi kuandikwa. Mimi sipingi uhandisi. Napinga kipimo. Na hata hilo jibu la wabunifu lina shimo, ambalo sisi wa Nakuru tunatumbukia ndani yake kuliko mtu yeyote. Nitafika huko.

Kwanza wastani.

Mwaka jana nilisimama nyuma ya kijana mmoja kedi, mchezaji wa hendikapu ya mbili, akipimwa fimbo kwenye duka moja Nairobi. Duka silitaji. Kulikuwa na mashine ya rada, wavu, zulia la kijani, na muuzaji mwenye kompyuta kibao. Kijana akapiga kumi na fimbo zake za zamani, kumi na seti mpya. Kila alipopiga vibaya kwa seti mpya, muuzaji aliugusa mpigo kwenye kioo akaufuta. "Huo hatuuhesabu, hukuupata vizuri." Alipopiga vibaya kwa fimbo zake za zamani, muuzaji alitikisa kichwa na kuuacha.

Kazini kwetu mtu akifuta rekodi kutoka upande mmoja wa jaribio, tunajua jina lake. Lakini hebu tuseme hakufuta. Tuseme kila kitu kilikuwa safi. Mipigo kumi kwa kumi inaweza kutuambia nini?

Chukua mchezaji mzuri ambaye umbali wa mipigo yake kwa fimbo moja una mkengeuko wa kawaida wa yadi 6. Anapiga 10 kwa seti A na 10 kwa seti B. Kosa la kawaida la tofauti kati ya wastani mbili ni 6 mara kipeuo cha pili cha 2 kugawa kwa 10, yaani karibu yadi 2.7. Zidisha kwa mbili. Tofauti yoyote iliyo chini ya yadi tano hivi inaweza kuwa bahati tupu, au chai ya asubuhi. Ukitaka kuijua tofauti hiyo kwa uhakika wa yadi mbili kila upande, unahitaji mipigo karibu 70 kwa kila seti. Sabini! Ni lini umeona jaribio la makala lenye mipigo 70 ya mtu mmoja kwa fimbo moja? Utaona "imeongeza yadi 3.2", na hiyo nukta mbili imewekwa pale ili ionekane kama sayansi.

Halafu hata ukiwa na wastani ulio sahihi kabisa, mchezaji hodari anaufanyia nini? Fikiria seva inayojibu kwa wastani wa milisekunde 600. Inaonekana si mbaya. Ukiichungulia unakuta wateja 19 wanajibiwa kwa milisekunde 150, na wa 20 anasubiri sekunde 9 huku ameshika simu akidhani pesa zake zimepotea. Anayekupigia simu usiku ni huyo wa 20. Gofu ni hivyo hivyo. Mpira mmoja unaopungua yadi 12 na mmoja unaozidi yadi 12 vina wastani mzuri sana, katikati ya shimo, na kadi inaandika makosa mawili. Kwa mwenye hendikapu ya 20, yadi za ziada ni furaha, na ana haki ya furaha yake. Kwa mwenye hendikapu ya mbili, ayoni ni chombo cha kujua mpira utatua wapi. Mpe fimbo inayokwenda yadi 160 kila mara, atakushukuru kuliko ukimpa inayokwenda 172, mara 166, mara 185.

Roboti nazo? Mnaniambia kuna majaribio ya roboti, hayana bahati wala chai. Kweli, toka enzi za ile mashine ya Iron Byron, iliyopewa jina la Byron Nelson, viwanda vimekuwa vikipiga mipira kwa mkono wa chuma. Roboti inapiga katikati ya uso kila mara, au milimita kadhaa pembeni pale ilipoamriwa. Haipigi ikiwa na hofu. Haipigi mpira ulio chini ya miguu kwenye mteremko unaoelekea ziwani. Ni kama kujaribu programu kwa data uliyoitunga mwenyewe, halafu unashangaa wateja wanaandika majina yao kwa herufi ulizozisahau.

Sasa hewa. Hapa ndipo jedwali la Marekani linapokufa kabisa.

Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Shinikizo la hewa huku ni kilopaskali 81 hivi, Mombasa ni 101. Ukiingiza na joto la mchana, hewa ya Nakuru ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu asilimia 19. Moja ya tano ya hewa haipo! Njoro, ambako kuna uwanja wa mashimo tisa, iko juu zaidi ya mita 2,100, nako ni nyepesi zaidi. Kanuni ya mkono inayotumika ni kwamba umbali unaongezeka kwa asilimia moja na kidogo kwa kila futi 1,000. Sisi tuko futi 6,000 na ushei, kwa hiyo ni asilimia saba hivi. Mpira wa yadi 159 Nyali ni wa yadi 170 hapa. Kila mtu wa Nakuru aliyewahi kushuka pwani kwa mashindano anaijua aibu ya kupiga saba yake anayoiamini na kuona mpira ukianguka kwenye mchanga mbele ya grini.

Hilo la umbali wengi wanalijua. Lisilosemwa ni la pili. Mpira wa gofu unapaa kwa sababu unazunguka kinyumenyume, na ule mzunguko unakamata hewa na kuuinua. Hewa ikipungua, kinachokamatwa kinapungua. Kwa hiyo huku mpira unakwenda mbali, lakini kilele chake kiko chini, na unateremka kwa pembe iliyolala. Unatua kama ndege ya abiria pale ambapo ungetaka ushuke kama mwewe. Na mwezi wa kwanza na wa pili, ukame ukiwa umeikausha ardhi, mpira unaotua umelala haukai. Unaruka mara moja, mara mbili, unaaga.

Turudi kwa jibu la wabunifu. Wanasema: tumesimamisha uso, lakini tumeshusha uzito, kwa hiyo mpira unaanza juu vile vile. Unaanza juu vile vile, sawa. Lakini mzunguko wake ni mdogo, na ni mzunguko unaofanya kazi ya kuinua. Kwenye uwanja wa kando ya bahari hewa nzito inasaidia hata mzunguko mdogo. Huku tumeshapunguziwa hewa, halafu fimbo inatupunguzia na mzunguko. Tunapunguziwa mara mbili. Kitu kinachouzwa kama faida, kwa mchezaji hodari wa Bonde la Ufa, ni hasara inayolipiwa.

Kuna jambo jingine la kuchekesha. Zile mashine za rada, TrackMan na wenzake, zina sehemu ya kusawazisha matokeo: unachagua kimo na joto, programu inakuhesabia umbali ambao mpira ungekwenda katika hali hiyo, bila upepo. Ni kitu kizuri sana kwa kulinganisha. Lakini ukiingia dukani, uliza: kioo hiki kimewekwa kimo gani? Nimeuliza mahali pawili. Mmoja alisema "ya kawaida". Kawaida ya wapi, ndugu yangu?

Na zulia. Jaribio karibu lote la ndani linapigwa juu ya zulia. Ukipiga nyuma ya mpira kidogo, fimbo inateleza juu ya zulia na kuufikia mpira kama kwamba hakuna kilichotokea. Njoo ufanye hivyo kwenye nyasi zetu. Nyasi ya kikuyu ni ya nyanda hizi za juu za Afrika Mashariki, jina lake linasema lilikotoka, na imesambaa duniani hadi Riviera kule Los Angeles, ambako wachezaji wakubwa huilalamikia kila mwaka. Inashika shingo ya fimbo kama mtoto anayeshika nguo ya mama sokoni. Upana wa soli na umbo la ukingo wake wa mbele, vitu ambavyo kwenye zulia havina maana yoyote, huku ndivyo vinaamua. Hakuna safu ya soli kwenye jedwali lenu.

Basi, lawama bila kazi ni porojo. Yule kijana kedi aliporudi kutoka Nairobi alinifuata na fomu mkononi. Alitaka nimdhamini mkopo wa sacco anunue ile seti mpya. Anajiandaa kuingia mashindano ya kulipwa, na muuzaji alikuwa amemwambia kwamba anapoteza yadi 15 kwa "fimbo za babu". Mnajua bei za vitu hivi vikishafika hapa: bei ya huko, usafiri, forodha, VAT ya asilimia 16 juu yake, na faida ya duka. Kwa anayelipwa kwa kubeba begi la mtu mwingine raundi kwa raundi, hiyo ni miezi mingi ya maisha. Nikamwambia, "Fomu nitaweka sahihi, lakini kwanza tupige mipira."

Akacheka. "Mkubwa, nimeshapiga kwa mashine."

"Umepiga kwa muuzaji."

Tulifanya hivi. Seti tatu: bledi zake za zamani za chuma laini cha kufuliwa, seti ya kisasa ya wachezaji hodari tuliyoazima kwa mwanachama mmoja, na seti ya aina ile aliyotaka kununua, yenye tumbo la shimo na uso uliosimama, nayo ya kuazima. Wapigaji wawili, yeye na kedi mwenzake wa kiwango chake. Mpira wa aina moja tu. Kwenye nyasi, mapema asubuhi kabla upepo wa ziwani haujaamka. Namba zilifunikwa kwa utepe mweusi, na zamu za fimbo zilipangwa na hati ndogo niliyoiandika, ili mtu asizoee fimbo moja na kuipendelea. Na kabla ya yote tulipima lofti ya kila fimbo kwa chombo chake, tusiamini kilichoandikwa. Mipira 70 kwa kila mpigaji kwa kila seti, ikagawanywa katika asubuhi kadhaa. Kila mpigo uliandikwa, pamoja na ile ya aibu. Tulipima mahali ulipotua na mahali uliposimama, kwa sababu huku kwetu hizo ni habari mbili tofauti.

Kampuni za seti tulizojaribu sizitaji. Wapigaji wawili hawatoshi kumhukumu mtengenezaji, na nikiwataja nitakuwa nimefanya kile ninachokilaani.

Lakini nitasema tulichokiona. Kupima lofti peke yake kulimaliza nusu ya ubishi kabla mpira wa kwanza haujapigwa. Zile bledi za zamani hazikuwa na hatua sawa. Kati ya fimbo moja na inayofuata panapaswa kuwa na digrii tatu au nne. Zake, kati ya sita na saba kulikuwa na sita, na kati ya saba na nane kulikuwa na mbili. Chuma laini hupinda kikipigwa miaka mingi kwenye ardhi ngumu, na fimbo hizo zilikuwa zimepita mikono mingi kabla ya kumfikia. Kumbe zile "yadi 15 zilizopotea" zilikuwa saba iliyolala na kuisogelea nane. Si uzee wa teknolojia. Ni kifaa ambacho hakijawahi kusawazishwa tangu kitoke dukani.

Tulipopanga matokeo kwa digrii badala ya kwa namba, ile faida iliyokuwa inametameta ikayeyuka ndani ya mtawanyiko. Fimbo za lofti inayokaribiana zilikwenda umbali unaokaribiana. Kilichobaki ni tofauti za kweli, nazo zilikuwa za kuvutia kuliko yadi. Bledi iliadhibu mpigo wa kwenye ncha: mpira ulipungua, mkono ukawasha, na mpigaji akajua papo hapo alichokosea. Seti ya tumbo la shimo ilisamehe mpigo huo vizuri zaidi, sitaficha, lakini mara chache, bila onyo na bila mpigaji kuhisi tofauti yoyote mkononi, mpira ulichomoka na kuvuka nyuma ya grini. Wote wawili walilalamika juu ya mpigo huo kabla ya kuambiwa ni fimbo ipi. Na baada ya kutua, mipira yake ilitembea mbali kuliko ya seti nyingine mbili, hata pale ilipotua mahali pazuri. Seti ya kisasa ya wachezaji hodari, yenye lofti ya kizamani na uzito uliosogezwa pembeni kidogo, ndiyo wote wawili walitaka kwenda nayo nyumbani. Haikushinda safu yoyote ya jedwali lenu. Isingepewa nyota.

Na kabla wazee wa bledi hamjaanza kushangilia: hamjashinda. Ule wimbo kwamba mchezaji hodari lazima apige bledi, eti kwa sababu Tiger Woods anapiga bledi, nao ni uuzaji, ila ni uuzaji wa majivuno. Tiger P7TW zake zimetengenezwa kwa mikono yake na kwa mazoezi ya maisha yake yote. Kedi anayefanya mazoezi jioni, baada ya kutembea mashimo 18 na begi la mtu begani, hana mipira elfu ya kupiga kila wiki. Kumwambia kwamba akitumia fimbo yenye mgongo wenye shimo yeye si mwanamume ni ukatili. Nimesikia maneno hayo yakisemwa, na aliyeyasema ana hendikapu ya 17.

Fomu ya mkopo? Hatukuijaza. Zile bledi zilipelekwa kwa fundi mwenye mashine ya kupindia, kila moja ikarudishwa digrii zake, na mlalo wa shingo ukasawazishwa kulingana na kimo chake. Gharama yake ilikuwa ndogo kuliko weji moja mpya. (Angalizo kwa wenye haraka: chuma laini cha kufuliwa kinapindika, lakini ayoni za kumiminwa kwa chuma kigumu zinaweza kukatika shingo. Usijaribu na vaisi ya jirani. Na ukisimamisha uso, soli nayo inabadilika, inachimba zaidi, kwa hiyo usipinde kwa tamaa.) Akiba yake anaitumia kulipia nauli na ada za mashindano, ambako ndiko mchezaji anakojifunza alivyo.

Kwa hiyo ninachodai ni hiki. Duka linalouza ayoni kwa mtu mwenye hendikapu ya tarakimu moja limpe karatasi yenye lofti iliyopimwa ya kila fimbo, zake na mpya, na rekodi ya mipigo yote, pamoja na iliyofutwa, na kimo kilichowekwa kwenye mashine. Makala inayolinganisha ayoni ilinganishe kwa digrii, ionyeshe mtawanyiko na pembe ya kutua, au ijiite tangazo. Na vilabu vyetu, kuanzia huku Nakuru na Njoro hadi Gilgil na Naivasha, mnanunua vikombe vya fedha kila mwezi. Nunueni mashine moja ya kupima na kupinda lofti, muiweke mahali ambapo makedi wanaruhusiwa kuingia. Wachezaji wetu wengi wa kulipwa walianza kwa kubeba mabegi. Kenya Open imechezwa tangu 1967 na iko kwenye ratiba kuu ya Ulaya tangu 2019, na kila mwaka tunaulizana kwa nini hatushindi wageni, huku vijana wetu wakiwa na saba inayolala kitanda kimoja na nane.

Najua kuna atakayeniandikia kwamba wapigaji wawili si jaribio. Sawa kabisa. Nileteeni wa tatu na wa nne. Yeyote mwenye hendikapu chini ya tano, popote Bonde la Ufa, akitaka kupiga mipira 70 na kuniletea matokeo, nitayaunganisha na yetu na kuweka kila kitu hapa, wazi, mtu yeyote apakue. Faili iwe na safu hizi: tarehe, uwanja, kimo, joto, lofti iliyopimwa, yadi za kutua, yadi za kusimama, yadi za kushoto au kulia. Kila mpigo mstari wake, hata ule ulioingia kwenye miti. Iwe CSV. Picha za skrini za muuzaji nazifuta bila kufungua.